Foleni Nje ya Karavani

Iko nchi inayoitwa Shwari. Usihangaike kuitafuta kwenye ramani, maana wenyewe wana ramani yao na hawaiazimi kwa mtu. Ni jamhuri kamili: ina bendera, ina bunge, ina wimbo wa taifa wenye beti nyingi ambao wananchi huuimba wakiwa wamesimama, na waheshimiwa huusikiliza wakiwa wamekaa kwa sababu za kiafya. Na kwa kuwa tumekwisha kutaja afya, basi tuanzie hapo hapo.

Nchi moja rafiki iliipa Shwari zahanati zinazotembea. Yalikuwa magari makubwa meupe, kila moja na kitanda chake cha kupimia wagonjwa, friji ya dawa, sinki, choo, na msalaba mwekundu ubavuni. Baraza la Mawaziri likaketi kuyajadili. Likaona, kwa uchungu mkubwa, kwamba vijijini hakuna barabara. Na gari jipya likipelekwa mahali pasipo na barabara litaharibika. Na mali ya umma ikiharibika, anayeumia ni mwananchi. Basi ili mwananchi asiumie, magari yakagawiwa waheshimiwa wayatunze majumbani kwao.

Baadaye fundi mmoja akasema kwamba gari lisilotembea huoza matairi. Baraza likaketi tena, na siku hiyo ndipo kilipozaliwa Chama cha Waheshimiwa Wapenda Maisha ya Porini. Kila mwaka wanachama hutoka na magari yao, wakapiga kambi pamoja wiki nzima mahali penye hewa nzuri. Wanafanya hivyo kwa ajili ya matairi.

Magari yalibadilishwa jina yakaitwa karavani. Kitanda cha kupimia kikawekewa godoro nene, friji ya dawa ikatiwa vinywaji, na msalaba mwekundu ukapakwa rangi ya maziwa. Juu ya rangi hiyo kila mtunzaji aliandika jina alilopenda. Ya Waziri wa Mifugo iliitwa Malisho Mema. Ya jaji mmoja mstaafu iliitwa Rufaa Imekubaliwa.

Sasa katika Wizara ya Afya alikuwapo bwana mmoja, Gervas Mlowe, msemaji wa wizara. Gervas alikuwa na sauti. Mtu akiisikia redioni aliacha kutafuna. Ni yeye aliyetangaza kwa taifa: "Ndugu wananchi, zahanati inayotembea iko njiani kuja kwenu. Kaeni tayari." Tangazo lile lilirudiwa kila asubuhi baada ya taarifa ya habari, na liliendelea kurudiwa hata baada ya magari kupata mapazia, kwa kuwa hakuna aliyeandika amri ya kulisimamisha.

Gervas hakuwa mwizi. Jambo hilo alijiambia mara nyingi, hasa akinyoa ndevu, wakati mtu analazimika kujitazama. Hakugawa magari. Hakushika brashi ya rangi. "Mimi ni mdomo tu," alimwambia mkewe, Theodora. "Mdomo hauna mikono."

"Lakini unakula," alisema Theodora, akicheka. Siku hizo walikuwa bado wanaweza kulicheka.

Kisha naibu waziri mmoja akapelekwa ubalozini, karavani yake ikabaki yatima, na Gervas akateuliwa kuitunza. Ilikuwa na jina tayari: Upepo Mwanana. Alikubali siku hiyo hiyo. Theodora akaishonea mapazia ya maua ya manjano, akayapiga pasi mwenyewe, na kwa muda wa majuma kadhaa Gervas akawa ananyoa ndevu bila kutazama kioo.

*

Mwaka ule kambi ilipangwa Itandula, kijiji cha mbali chenye mto mdogo na hewa ambayo Mwenyekiti wa Chama, Mheshimiwa Balthazari Kinyondo, alisema haijawahi kutumika. Kutoka mji mkuu hadi Itandula palikuwa hapana barabara. Ikawekwa lami kwa haraka ya ajabu, mpaka wafanyakazi wengine walikuwa bado wanakusanya sepetu zao msafara ulipopita. Kwa hiyo magari yaliyoshindwa kwenda kwa wagonjwa kwa kukosa barabara yalipata barabara ya kwenda kambini. Wazo hilo lilimjia Gervas akiwa kwenye usukani. Akaongeza sauti ya muziki.

Walipofika, karavani zikapangwa nusu duara, jenereta zikawashwa, na Mwenyekiti akapanda juu ya kreti ya soda kufungua kambi.

"Waheshimiwa wenzangu," alisema, "tumeacha marumaru. Tumeacha mazulia. Tumekuja kuishi kama wananchi! Mtu akiuliza viongozi wa Shwari wanawafahamu wananchi kwa kiasi gani, ajibiwe bila kusita: kwa wiki nzima!"

Wakapiga makofi. Akatangaza ratiba. Kila jioni kungekuwa na Saa ya Dhiki, ambapo viyoyozi vyote vingezimwa na kila mwanachama angekaa kwenye stuli isiyo na egemeo, ili aonje taabu za watu wa chini. Wenye matatizo ya mgongo walipewa kibali cha kuonja dhiki wakiwa wamelala.

Asubuhi iliyofuata Gervas alifungua mlango wa karavani akiwa na mswaki mdomoni, akakuta foleni.

Ilianzia kwenye ngazi ya gari lake ikaenda mpaka kwenye miti ya mto. Watu walikuwa wamevaa nguo zao za ibada. Wamekaa kwa utaratibu, wazee mbele, akina mama na watoto nyuma yao, na walioshikwa na kikohozi wamejitenga kidogo kwa adabu. Jua la asubuhi lilikuwa linapiga ubavu wa karavani kwa chini, na Gervas alipogeuka akaona kile walichokuwa wanakitazama. Chini ya jina Upepo Mwanana, msalaba mwekundu ulikuwa unaonekana wote. Rangi ya serikali ilikuwa nyembamba, kama rangi zote zinazonunuliwa kwa bei ya rangi nene.

Wa kwanza kwenye foleni alikuwa bibi mmoja mwenye kidonda mguuni, kimefungwa kipande safi cha kanga. Jina lake Sikudhani.

"Shikamoo, bibi," alisema Gervas, akiutoa mswaki.

"Marahaba, baba. Hujambo? Daktari kaamka?"

Wako watu wengi katika nchi ya Shwari ambao wangejua la kujibu. Wangesema kambi ni eneo la usalama, wangeita askari. Gervas hakuwa mtu wa namna hiyo. Alikuwa mtu mpole, na upole wake ndio uliomponza. Alimtazama yule bibi, akatazama kile kitambaa kilichofuliwa kwa ajili ya siku hii, akaona aibu kumwambia.

"Bado," alisema.

Bibi Sikudhani akageuka kwa wenzake uso ukimng'aa. "Mmesikia? Ndiye! Ndiyo ile sauti! Niliwaambia nini mimi? Si niliwaambia huyu mtu hawezi kutudanganya?"

Mwanamke mmoja nyuma akapiga kigelegele kifupi, akakikatiza, asije akamwamsha daktari.

Ndipo kijana mmoja akatoka kwenye foleni akiikokota baiskeli. Kwenye kiti cha nyuma amekaa mkewe, mjamzito, tumbo kubwa, miguu imevimba hata kandambili hazimwingii. Kijana akajitaja kwa jina la Songoro, na mkewe Hidaya.

"Samahani, mzee," alisema. "Huyu tangu juzi kichwa kinamgonga. Anasema anaona vimulimuli mchana kweupe. Nilikuwa nimeshaanza safari ya misheni, huko kuna hospitali, ila kwa baiskeli ni kutwa nzima na njia ni mbaya. Shangazi Sikudhani kanirudisha, kasema zahanati imefika. Sasa naomba uniambie wewe. Nisubiri, au niende?"

Gervas akamtazama Hidaya. Alikuwa amefumba macho, amejishika paji la uso. Neno "nenda" lilikuwa fupi tu. Lakini nyuma yake yalikuja maneno mengine marefu: kwa nini aende, na gari hili ni la nini basi, na kitanda kile kinachoonekana mlangoni analala nani.

"Msubiri kivulini," alisema Gervas. "Jua litawachoma."

Akaingia ndani, akafunga mlango. Theodora alikuwa ameandaa chai. Hakuweza kuinywa.

*

Kamati ya Chama iliitwa kwa dharura chini ya turubai. Mwenyekiti Kinyondo, alipoiona foleni, alikuwa ameifurahia sana na kuipungia mkono, akidhani ni wananchi waliokuja kumwona. Alipoelezwa, akakunja uso.

"Hatuwezi kuwafukuza," alisema. "Tukiwafukuza, tumekubali kwamba walikuja kutafuta kitu."

"Na hatuwezi kuwaambia hakuna zahanati," alisema Waziri wa Mifugo. "Takwimu zinasema ziko."

"Basi kilichobaki ni wangoje," alisema Mwenyekiti. "Kungoja hakujawahi kuivunja nchi hii. Ndugu Mlowe, wewe ndiye sauti wanayoiamini. Utakuwa unawatuliza asubuhi na jioni. Kambi ni wiki moja tu. Tukiondoka, foleni itakwisha yenyewe."

Gervas akafungua mdomo. "Mheshimiwa, kuna mama mmoja mjamzito, hali yake..."

"Vizuri sana!" alisema Mwenyekiti. "Taifa linaongezeka. Mpe salamu zangu."

Basi Gervas akawa anatoka mara mbili kwa siku, anasimama kwenye ngazi, anasema kwa ile sauti yake kwamba maandalizi yanaendelea na subira yao inathaminiwa katika ngazi za juu. Nao wanamwitikia "Ahsante, baba." Lile "ahsante" ndilo lililomtesa. Usiku alilala sakafuni. Alimwambia Theodora kwamba godoro linamuumiza kiuno.

Foleni ikazidi. Watu walikuja kutoka vijiji vya ng'ambo ya mto, wengine wamebebwa kwenye machela za miti. Na hapo likatokea jambo ambalo Kamati haikulitazamia: wivu. Wanachama wengine wakaanza kunung'unika kwamba msemaji tu wa wizara, mtu asiye hata na mlinzi, ana foleni ndefu kuliko mawaziri. Asubuhi ya tatu Waziri wa Mifugo alionekana na kisu cha mezani akikwangua ubavu wa Malisho Mema, mpaka msalaba wake nao ukajitokeza. Kufikia saa ya chai akawa na foleni yake. Jaji mstaafu naye akatafuta msasa. Mwenyekiti, ili kulinda umoja, akatangaza kikombe cha Foleni Bora, kitakachotolewa siku ya kufunga kambi, na waamuzi wangetazama urefu, unyofu na utulivu.

"Gervas," alisema Theodora jioni ile, akiwa amesimama dirishani. "Yule binti wa baiskeli, uso wake nao umeanza kuvimba. Nimempelekea uji, kikombe kimemtoka mkononi."

"Nitamwambia mumewe kesho."

"Utamwambia nini?"

"Kwamba waende misheni."

"Mwambie sasa. Si yuko pale?"

Gervas akavaa viatu. Akatoka, akawakuta Songoro na Hidaya kivulini, na Bibi Sikudhani ameweka kichwa cha Hidaya pajani pake, anampepea kwa ukingo wa kanga. Walipomwona wote watatu walijaribu kusimama.

"Kaeni, kaeni," alisema Gervas. "Nilitaka kuwaambia..."

Wakamngojea aseme. Nyuma yao watu wa foleni walikuwa wameacha mazungumzo ili wasikie. Mbele kidogo, Mwenyekiti alikuwa kwenye stuli yake ya Saa ya Dhiki, naye anamtazama.

"Nilitaka kuwaambia mko karibu," alisema Gervas. "Mko karibu sana."

"Ahsante, baba," alisema Songoro.

Alirudi ndani. Theodora akashusha pazia la dirisha.

*

Kesho yake, waheshimiwa wakiwa wanakula mayai, Hidaya alianguka. Mwili ukakakamaa, meno yakafungana, povu likamtoka. Wanawake walipiga yowe. Gervas alitoka mbio bila viatu, akamkuta Songoro amemkumbatia mkewe chini, anamwita kwa jina, na anaitazama karavani, anamsubiri daktari atoke.

"Mlete!" alipiga kelele Gervas. "Mlete ndani! Theodora, washa gari!"

Wakamlaza kwenye kitanda ambacho kilikusudiwa watu kama yeye tangu mwanzo. Theodora akampisha mumewe usukani, akaenda nyuma kumshika mgonjwa. Askari wa kambi akainua mkono kuwazuia, maana taratibu zilikataza karavani yoyote kutoka kabla ya sherehe za kufunga. Gervas hakupunguza mwendo. Askari akashusha mkono, akalipigia gari saluti.

Njia ya misheni haikuwa na lami. Ilikuwa mawe, mchanga na makorongo. Na gari, lile gari ambalo Baraza la Mawaziri lilikuwa limelionea huruma, liliyapita makorongo bila hata kuguna, kwa sababu ndivyo lilivyotengenezwa. Safari ya kutwa nzima ilikwisha kabla jua halijawa kali. Gervas aliendesha akilia, na kila lilipovuka korongo salama alizidi kulia.

Daktari wa misheni alikuwa mama mfupi mwenye miwani mizito. Alimpokea Hidaya mlangoni na kuingia naye. Walikaa nje muda mrefu. Alipotoka alikuwa amevua glavu.

"Mama tumemwahi," alisema. "Ni kifafa cha mimba. Atalala hapa siku nyingi, lakini atapona. Mtoto hapana. Alikuwa wa kike." Akamtazama Songoro. "Pole sana, mwanangu. Lakini dalili hizi hazikuanza leo. Alikuwa wapi siku zote hizi?"

"Kwenye foleni," alisema Songoro.

"Foleni ya nini?"

Songoro akageuka kumtazama Gervas. Hakumtazama kwa hasira. Alimtazama kama mtu anayesubiri mwenzake amsaidie kujibu, kwa kuwa mwenzake ni hodari wa maneno. Gervas akatazama sakafu. Ilikuwa sakafu safi sana.

Theodora akaenda kwenye gari. Akakata pazia moja la maua ya manjano, akalileta, na wakamfungia mtoto humo.

*

Habari kwamba zahanati inayotembea imempeleka mgonjwa hospitali ziliwatangulia kambini, kwa njia ya simu ya upepo ya askari. Waliporudi na Songoro ili akazike, walikuta bendi imepangwa. Mabaragumu yakalia. Mwenyekiti akaja mpaka mlango wa karavani, mikono wazi.

"Mgonjwa wa kwanza!" alitangaza. "Leo historia imeandikwa! Waliosema zahanati zetu hazifanyi kazi, leo waone haya!" Akamwona Songoro akishuka na kile kifurushi kifuani, akamshika bega kwa furaha. "Hongera, baba! Mtoto gani?"

"Wa kike," alisema Songoro.

"Amelala?"

Songoro alikiegemeza kifurushi begani. Alikuwa amelelewa kwa adabu, na mbele yake alikuwa mkubwa.

"Amelala, mheshimiwa."

"Mwacheni alale!" Mwenyekiti akaipungia bendi ipunguze. Kisha akatoa nishani mfukoni, maana hakuwa akitembea bila nishani, akambandika Gervas kifuani. Ilikuwa Nishani ya Gurudumu, daraja la pili. Gervas alisimama, mikono imenyooka, akaiacha ibandikwe. Hakusema hapana. Baadaye, katika yote aliyoyafanya, hilo ndilo alilolikumbuka kwa kichefuchefu kikubwa zaidi: kwamba alitoa kifua mbele kidogo, kama mtu anavyofanya akibandikwa kitu.

Songoro alikuwa ameshaondoka kuelekea kijijini, na wanaume kadhaa wakamfuata. Bibi Sikudhani akajikongoja mpaka kwenye ngazi.

"Baba," alisema, "humo ndani kuna daktari?"

"Hamna, bibi."

"Na kwenye yale mengine?"

"Hamna."

"Ulijua lini?"

"Tangu siku ya kwanza. Tangu ulipouliza."

Alikuwa anangoja apigwe. Angefurahi kama mtu angeokota jiwe. Lakini hakuna aliyeokota kitu. Watu walimtazama tu, kisha wakaangaliana, wakaanza kukunja mikeka yao.

"Mimi ndiye niliyemrudisha Songoro njiani," alisema Bibi Sikudhani polepole. "Alikuwa ameshafika mtoni. Nilimwambia, mwanangu, sauti ile naijua." Akafuta midomo yake kwa kanga. Kisha akauliza, "Gari lina mafuta?"

"Linayo."

"Basi kaa kwenye usukani."

Siku ile na iliyofuata Gervas alikwenda misheni na kurudi, akaenda na kurudi. Alibeba wenye vikohozi na wenye machela. Alimbeba Bibi Sikudhani na mguu wake. Hakuna mtu aliyemwambia ahsante, na hakuna aliyezungumza naye njiani. Walizungumza wenyewe kwa wenyewe nyuma, kwa sauti za chini, naye akipiga honi ya kona walinyamaza. Mara moja alijipa moyo akaingia wodini kumwona Hidaya. Alipoisikia sauti yake mlangoni akisema hodi, Hidaya aligeukia ukutani, akabaki hivyo mpaka alipotoka.

Huku kambini waheshimiwa walipoamka hawakukuta foleni. Waziri wa Mifugo alilalamika rasmi kwamba Mlowe amemwibia foleni siku chache kabla ya mashindano. Kamati ikakutana, ikapitia taratibu, na ikagundua kosa. Nishani ikafutwa kwa barua, na barua ikaambatishwa hati ya kumkamata.

*

Kesi ilisikilizwa mji mkuu. Chumba kilijaa waheshimiwa, kwa kuwa jambo lilihusu karavani zao. Hakimu alisoma mashtaka kwa sauti kavu.

"Gervas Mlowe, unashtakiwa kwamba kwa makusudi, ukiwa na akili timamu, ulitumia zahanati kubebea wagonjwa, kinyume na matumizi yaliyozoeleka. Unakubali au unakataa?"

"Nakubali, mheshimiwa hakimu," alisema Gervas. "Lakini lipo na jingine."

Mwanasheria wake akamvuta koti. Hakimu akainua nyusi.

"Jingine lipi?"

"Kuna mtoto."

Hakimu akaigeuza hati ya mashtaka, akatazama upande wa pili, akairudisha. "Mtoto hayumo humu."

"Baba yake aliniuliza asubiri au aende. Nilijua hakuna daktari. Nikamwambia asubiri. Ninaomba nishtakiwe kwa hilo."

"Bwana Mlowe," alisema hakimu kwa huruma ya kweli, "kumwambia mwananchi asubiri si kosa katika nchi ya Shwari. Lingekuwa kosa, ofisi hii yenyewe ingefungwa leo."

Waheshimiwa wakacheka. Hata karani alicheka. Hakimu akaandika hukumu: mshtakiwa afukuzwe kazi, sauti yake isisikike tena redioni, na apigwe marufuku ya maisha ya kulala nje ya nyumba yake, iwe katika hema, turubai au chombo chochote chenye magurudumu. Kwa kuwa alionekana kujutia, aliruhusiwa kwenda zake.

Theodora alikuwa akimngoja kwenye lango la mbali, upande wa teksi. Gervas alicheleweshwa na karatasi za kutia saini, akatoka peke yake, akashuka ngazi za mahakama, na pale chini akamkuta Songoro na baiskeli yake. Alikuwa na vumbi mpaka kwenye kope. Alikuwa amesikia watu kijijini wakisema kwamba yule mtu wa karavani atasomewa kesi, akaja, akakaa benchi la nyuma kabisa.

"Shikamoo, mzee."

Gervas alishindwa kuipokea. Alitikisa kichwa tu.

"Nimekaa mpaka mwisho," alisema Songoro. "Wamesoma ile ya gari. Nikadhani labda yetu inafuata, nikaendelea kukaa, mpaka yule anayefagia kaniambia wamemaliza. Yetu inasomwa lini?"

Mdomo wa Gervas ulikuwa na majibu mengi ya zamani, yote laini. Aliyasikia yakija.

"Haitasomwa," alisema.

"Kwa nini?"

"Hawana mahali pa kuiandika."

Songoro alifikiri. Aliiegemeza baiskeli ukutani, akaitazama kama imesimama sawa. Akaketi kwenye ngazi.

"Basi nisomee wewe," alisema. "Si ndiyo kazi yako?"

Gervas akaketi ngazi ya chini yake. Akaanza kusema. Alisema kuhusu ile asubuhi, na mlango, na kile alichokiona usoni kwa Hidaya, na jinsi alivyojua, na kwa nini hakusema. Alisema kuhusu ile jioni alipotoka kwenda kuwaambia, akawaambia wako karibu. Sauti ikawa nyembamba, ikapasuka. Watu waliopita na mafaili yao hawakugeuza shingo, maana haikuwa sauti waliyoijua. Hakuacha kitu. Alisema na kuhusu ile nishani na kile kifua chake. Alipomaliza, jasho lilikuwa limemlowesha mgongo, akakaa akitazama vidole vya miguu ya Songoro katika kandambili.

"Hukumtaja jina," alisema Songoro.

"Sikulijua. Sikufikiri kama mlimpa."

"Tulimpa. Anaitwa Tunu." Songoro akafuta vumbi la machoni kwa kiganja, akaiweka mikono yake magotini kama mtu aliyejiandaa kukaa. "Anza upya."

Gervas akaanza upya.